Udongo wa Barabara na Ujuzi wa Kuuimarisha

Linapozungumzwa swala la barabara, wengi wetu hutazama juu tu. Tunauliza kama lami imewekwa au haijawekwa, kama imechimbika au ingali nzima. Barabara ikishapakwa weusi tunaiita ya kudumu, na isiyo na weusi huo tunaiita ya muda. Mtazamo huo umeenea, lakini si wa kisayansi. Katika sehemu kubwa ya barabara zetu lami ni ngozi nyembamba ya kokoto na lami yenye unene wa sentimita moja au mbili, ambayo kazi yake ni kuzuia maji yasipenye na kuyapa matairi mahali pa kushika. Ngozi haibebi mzigo. Mzigo wa lori lenye pamba, mbolea au mafuta unabebwa na matabaka ya udongo na changarawe yaliyo chini ya ngozi hiyo, na mwisho kabisa unabebwa na ardhi ya asili yenyewe.

Katika makala hii tunaeleza historia ya jitihada za binadamu za kuufanya udongo huo uwe imara. Tunadai jambo moja tangu mwanzo, na msomaji alipime jinsi tunavyokwenda: kwamba udongo hauimarishwi na saruji au chokaa peke yake. Unaimarishwa na ujuzi wa kuupima udongo ule ule unaoukanyaga, mahali pale pale ulipo. Kwa hiyo swala la barabara kudumu ni swala la kujua ujuzi huo uko mikononi mwa nani.

Udongo unabeba, maji yanaangusha

Mwanzoni mwa karne ya 19, John Loudon McAdam, Mskoti aliyesimamia barabara za eneo la Bristol kuanzia mwaka 1816, alitoa hoja iliyowashangaza wahandisi wa wakati wake. Alidai kwamba kinachobeba gari si jiwe bali ni ardhi ya asili, na kwamba ardhi hiyo ikitunzwa iwe kavu itabeba uzito wowote. Tabaka la mawe madogo yaliyoshikamana lilikuwa, kwa maoni yake, paa la nyumba na si nguzo yake. Hoja hiyo inatosha kueleza nusu ya maafa yanayotokea kila masika. Pasipo na mtaro na kalavati, barabara imekwisha kabla haijafunguliwa.

Lakini McAdam alikuwa katika nchi yenye mawe mengi na udongo wa tabia ya wastani. Je, afanyeje mtu aliye katika nchi ambako husafiri kilometa mia asione jiwe, na chini ya miguu yake ni mfinyanzi mweusi? Anayetoka Wembere, Usangu au mbuga za Usukuma anaujua udongo huo bila kufundishwa na mtu. Kiangazi hupasuka mpaka mkono wa mtu mzima ukaingia katika ufa. Masika hunywa maji, ukavimba, ukawa uji mzito unaomeza gurudumu mpaka kwenye ekseli. Mkulima wa mpunga anaupenda kwa sababu ile ile inayomfanya dereva aulaani.

Sababu yenyewe ni umbo la chembe zake. Ni ndogo mno kuonekana kwa macho, ni bapa, nazo zimepangana kama kurasa za kitabu, na maji hupenya katikati ya kurasa hizo na kuzitenganisha. Madini yake huitwa montmorilonaiti. Udongo mwekundu wa nyanda za juu una chembe za aina nyingine, kaolinaiti, zilizoshikana zaidi na kuchanganyika na kutu ya chuma, na kwa hiyo hauvimbi kiasi hicho. Mwaka 1911 mwanasayansi wa Sweden, Albert Atterberg, alionyesha njia ya kupima tabia hiyo kwa vifaa vya bei ndogo: unatafuta kiasi cha maji ambacho udongo huanza kuviringika kama uzi bila kukatika, na kiasi ambacho huanza kutiririka. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ni onyo. Ikiwa kubwa, udongo huo utakusumbua.

Neno "udongo" basi ni neno moja linaloficha vitu vingi. Anayetoa amri moja ya ujenzi kwa wilaya yenye udongo wa aina tatu amekwisha kukosea kabla greda halijawashwa.

Yaliyojulikana kabla ya maabara

Isidhaniwe kwamba kuimarisha udongo kulianza Ulaya na Marekani. Warumi walichanganya chokaa na majivu ya volkano ya Pozzuoli, wakapata kitu kilichoganda hata ndani ya maji. Wachina nao waliutia chokaa udongo na kuushindilia katika kuta na misingi karne nyingi zilizopita. Na katika pwani yetu, Husuni Kubwa ya Kilwa iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 imesimama kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa katika tanuu la magogo. Mafundi wa pwani walijua kuichanganya chokaa hiyo na udongo mwekundu, ikawa lipu na kiunganishi cha mawe.

Tukio linalotufundisha zaidi ni kupiga sakafu. Katika majumba ya Unguja, juu ya boriti na vipande vya mawe, mafundi walimwaga mchanganyiko wa chokaa, udongo na kokoto. Kisha watu wengi walijipanga mistari, wakaupiga kwa magongo mepesi kwa siku kadhaa mfululizo huku wakiimba ili mapigo yaende pamoja. Hawakuutwanga kwa kishindo kimoja kikubwa. Waliupiga polepole, ukiwa na unyevu wake, mpaka hewa ikatoka na tabaka likawa moja. Tusisahau kwamba katika karne ya 19 mikono mingi iliyopiga sakafu hizo ilikuwa ya watumwa, na kwamba sifa ya kazi ilikwenda kwa mwenye nyumba. Lakini kanuni ya kazi ilikuwa sahihi kabisa: kifungashio, unyevu wa kadiri, na kushindilia bila haraka. Mambo matatu hayo ndiyo mhandisi wa leo anayoyatafuta kwa rola la tani kumi.

Ujuzi huo haukuingia katika barabara. Barabara za wakoloni zilifuata njia ya mazao na njia ya askari, na zilijengwa kwa jembe, karai na amri. Katika Tanganyika asiyekuwa na fedha ya kodi aliweza kutakiwa ailipe kwa jasho, na jasho hilo mara nyingi lilimwagika barabarani. Mtu anayelimishwa barabara kwa lazima haulizwi anajua nini juu ya udongo wa kijiji chake. Anaambiwa achimbe. Hapo ndipo kazi ya mikono na ujuzi wa udongo vilipotenganishwa.

Watawala wenyewe nao waliadhibiwa na dharau hiyo. Mpango wa karanga ulioanzishwa mwaka 1947 huko Kongwa ulibuniwa baada ya ziara fupi ya wataalamu mwaka 1946. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi na mchanga mkali. Wakati wa kiangazi ulikauka ukawa mgumu kama tofali, ukala meno ya mitambo. Kufikia mwaka 1951 mpango ulikuwa umekufa, na zaidi ya pauni milioni 35 za umma wa Uingereza zilikuwa zimezama katika ardhi ambayo wakulima wa Ugogo wangeweza kuieleza kwa maneno machache. Huo ulikuwa mradi wa kilimo, si wa barabara. Tunautaja kwa sababu ndio mfano mkubwa kuliko yote katika nchi hii wa mtambo ulioletwa mbele ya kipimo.

Maabara, mashamba na vita

Wakati huo huo huko Marekani ujuzi wa udongo ulikuwa ukikusanywa upya, safari hii katika maabara. Mwishoni mwa miaka ya 1920 idara ya barabara za California, chini ya mhandisi O. J. Porter, ilibuni kipimo ambacho mpaka leo kinajulikana kwa jina la jimbo hilo na kuandikwa kwa kifupi CBR. Fimbo ya chuma inasukumwa katika udongo ulioshindiliwa, na nguvu inayohitajika inalinganishwa na ile inayohitajika kusukuma fimbo hiyo katika mawe bora yaliyosagwa. Jibu hutolewa kwa asilimia. Kabla ya kupimwa, udongo hulowekwa kwa siku nne, kwa maana barabara haijengwi kwa ajili ya siku ya jua.

Mwaka 1933 Ralph Proctor, aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya maji ya Los Angeles, alithibitisha kwa namba lile walilolijua wapiga sakafu: kila udongo una kiasi chake cha maji ambacho ukishindiliwa hapo unakuwa mzito kuliko wakati mwingine wowote. Ukiwa mkavu zaidi chembe zinakataa kusogeleana. Ukiwa na maji zaidi, maji yenyewe yanachukua nafasi. Fundi mzoefu hukadiria kiasi hicho kwa kufumbata udongo kiganjani: ukishikamana kama andazi bila kulowesha kiganja, umekaribia. Maabara hutoa namba kamili.

Mwaka 1935 karibu na Johnsonville, katika jimbo la South Carolina, ilijengwa kilometa mbili na ushee za barabara kwa kuchanganya udongo wa pale pale na saruji. Nyakati zilikuwa ngumu, ubepari ulikuwa katika mgogoro wake mkubwa, fedha za kusafirisha mawe hazikuwepo, na wakulima walihitaji njia ya kufikia soko. Vilevile wenye viwanda vya saruji walihitaji soko la saruji yao, na chama chao kilishiriki katika jaribio hilo. Halafu vikaja Vita Kuu vya Pili. Jeshi la Marekani lilihitaji viwanja vya ndege kwa wiki chache katika visiwa na nchi ambazo halikuzijua, likachukua kipimo cha California na kukieneza dunia nzima. Katika miaka ya 1940 huko Texas, kwenye mfinyanzi mweusi unaofanana na wa mbuga zetu, chokaa ilianza kutumiwa kwa wingi.

Kwa hiyo sayansi hii ilikuzwa na shida ya mkulima, tamaa ya mwenye kiwanda na haraka ya jeshi, vyote kwa pamoja. Hatuikatai kwa sababu ya wazazi wake. Fimbo ya CBR haina tabaka wala taifa. Mwaka 1962, tukiwa ndiyo kwanza tumetoka katika Uhuru, maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza ilitoa mwongozo wake nambari 31 kwa ajili ya nchi za joto, na wahandisi wengi wa Afrika Mashariki wakaufanya kuwa kitabu cha mezani. Swala letu ni kwamba kitabu kilikuja, lakini maabara ilichelewa kufika wilayani.

Kiasi kinapobadilika kuwa hali mpya

Wanafunzi wa falsafa husoma kwamba mabadiliko ya kiasi, yakifika mahali fulani, huleta mabadiliko ya hali. Mfano wa maji yanayochemka umetumiwa mpaka umechakaa. Chokaa katika mfinyanzi ni mfano bora zaidi.

Chokaa iliyozimwa ikichanganywa na mfinyanzi wenye unyevu, jambo la kwanza hutokea kwa saa chache. Kalsiamu ya chokaa hukamata sura za zile kurasa tulizozieleza, utando wa maji uliozifunika hupungua, na chembe hujikusanya mafungumafungu. Udongo uliokuwa ukinata unaanza kuvunjika kama mchanga mnene. Mtu anayeona mabadiliko hayo kwa mara ya kwanza hudhani kazi imekwisha, kumbe udongo umelainika tabia tu, haujapata nguvu. Nguvu huja kwa hatua ya pili, iliyo polepole. Chokaa ikiwa nyingi kiasi cha kuufanya unyevu wa udongo ufike pH ya 12.4 hivi, silika na alumina za mfinyanzi wenyewe huanza kuyeyuka na kuungana na kalsiamu, zikaunda kitu cha jamii ile ile kinachoigandisha saruji. Hatua hiyo huchukua wiki, huendelea kwa miezi, na mahali pengine kwa miaka.

Ukitia chokaa pungufu ya kiwango hicho hupati nusu ya faida. Unapata hatua ya kwanza tu, kisha masika mawili au matatu yanaichukua. Hapa ndipo ulaghai mdogo unapozaa hasara kubwa. Tufanye hesabu. Tabaka la sentimita 15, upana wa meta 7, kwa kilometa moja ni meta za ujazo 1,050. Udongo ulioshindiliwa ukiwa na uzito wa tani 1.8 kwa meta ya ujazo, hizo ni tani 1,890. Asilimia 4 yake ni tani 75 na ushee, yaani mifuko 1,500 ya kilo 50, kwa kila kilometa. Mkandarasi asiye mwaminifu akitia asilimia 2 ameweka mfukoni bei ya mifuko 750 kwa kilometa moja, na siku ya ufunguzi hakuna jicho litakaloona tofauti. Weusi ni ule ule. Utepe unakatwa.

Kuzidisha nako si wema. Saruji ikiwa nyingi mno tabaka huwa gumu lakini hukauka likajikunja, likapasuka mapande, na nyufa zikapanda mpaka juu ya lami. Maji huingia kwa njia hiyo hiyo. Mhandisi anayeongeza saruji "ili awe na hakika" anaununua ubovu kwa bei ghali.

Barabara ya Zambia

Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia chini ya Ian Smith walijitangazia uhuru wao wa kibaguzi. Mwezi uliofuata Rhodesia ilikata mafuta yaliyokuwa yakienda Zambia. Nchi changa isiyo na bahari, yenye migodi mikubwa ya shaba, ilibaki na mlango wa kusini uliofungwa na mlango wa kaskazini uliokuwa njia ya vumbi. Mapipa ya mafuta yalipakiwa Dar es Salaam katika malori na kupelekwa kupitia Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma, na magazeti ya Kiingereza yakaiita njia hiyo njia ya jehanamu. Kiangazi malori yalipotelea katika vumbi, masika yalizama.

Bomba la mafuta la TAZAMA lilifunguliwa mwaka 1968. Reli ya TAZARA, kilometa 1,860, ilijengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975. Na barabara yenyewe ilijengwa upya kwa lami kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na ya Marekani miongoni mwa wengine, ikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ndiyo barabara tuliyoizoea kwa jina la TANZAM.

Barabara hukadiriwa kwa idadi ya magurudumu yatakayopita katika maisha yake. Lakini historia haikuheshimu makadirio. Januari 1973 Smith alifunga mpaka wake na Zambia, na Zambia ikakataa kuufungua kwa upande wake mpaka Oktoba 1978. Mwaka 1975 vita vya Angola vilifunga reli ya Benguela. Shehena ambayo ingekwenda njia tatu ilielekea njia moja. Wenye malori nao, wa mashirika na wa binafsi, walipakia kupita kiasi, kila mmoja kwa sababu yake.

Hapa tunahitaji jambo moja lililothibitishwa katika majaribio makubwa yaliyofanywa karibu na Ottawa, jimbo la Illinois, kati ya 1958 na 1960. Malori yaliendeshwa mchana na usiku katika barabara zilizojengwa kwa ajili ya kuvunjwa. Ilionekana kwamba madhara ya ekseli hayaongezeki sawa na uzito wake, bali takriban kwa kipeo cha nne. Ekseli yenye uzito maradufu huharibu mara 16. Ukichukua ekseli ya kawaida ya tani 8.2 kuwa moja, ekseli ya tani 13 huharibu zaidi ya mara sita. Mwenye lori anapata nauli ya tani zilizozidi. Umma unalipa uharibifu wa mara sita. Hakuna mfano ulio wazi zaidi wa faida ya mmoja kulipwa na jasho la wote, na ajabu ni kwamba unaweza kuhesabiwa kwa kalamu.

Hatusemi haya kwa kujutia msaada kwa Zambia. Barabara ile ilichakaa kwa kazi ya haki, na kama ingebidi ichakae tena kwa kazi hiyo, na ichakae. Lakini tabaka la changarawe halijui tofauti kati ya pipa la mafuta ya ukombozi na gunia la mlanguzi. Ekseli ni ekseli. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973 na tena 1979, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikamaliza akiba ya fedha za kigeni, matengenezo yalisimama. Mashimo ambayo yangezibwa kwa ndoo ya lami yaliachwa yakanywa maji. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 sehemu kubwa ya mtandao wa barabara kuu ilikuwa imeharibika, na mwaka 1990 nchi ikaingia katika mpango mpya wa barabara, kwa mikopo mipya, kujenga tena kile kilichokwisha kujengwa.

Upande wa vijiji nako kulikuwa na somo lake. Katika miaka ya 1970 wananchi walijitokeza kwa maelfu kuchimba barabara za kuunganisha vijiji vipya. Nguvu ya umma haikukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia kwamba udongo wa kilima kile ufaa na wa bonde lile haufai, kwamba mtaro ni sehemu ya barabara na si pambo lake, kwamba kifusi kisichoshindiliwa ni mzigo uliohamishwa tu. Barabara nyingi zilichukuliwa na mvua za kwanza. Baadhi ya watu walihitimisha kwamba kujitolea hakufai. Hitimisho hilo ni la kivivu. Wananchi waliombwa mikono yao, hawakupewa kipimo, na hawakuulizwa wanachokijua.

Chokaa au saruji

Vijana wa vyuo vya ufundi hupenda kuuliza kipi bora. Jibu la kitabu ni rahisi: saruji kwa changarawe na mchanga wenye mfinyanzi kidogo, chokaa kwa udongo wenye mfinyanzi mwingi. Lakini ndani ya jibu hilo limo swala la kazi ambalo vitabu havilitaji.

Saruji haimngoji mtu. Ikishachanganywa na udongo wenye unyevu, kwa kawaida kazi ya kushindilia iishe katika saa mbili. Ikipita hapo, rola linavunja kile ambacho saruji imekwisha kukiunganisha. Hivyo saruji hudai mitambo mizito, mafuta, vipuri na dereva asiyekosekana. Chokaa ina subira. Mchanganyiko unaweza kuachwa usiku mzima, na kwa mfinyanzi mkaidi ni vizuri kuuacha ulainike na kuuchanganya tena. Subira hiyo inatoa nafasi kwa trekta la kijiji, jembe la sahani, hata mikono. Kwa hiyo anayechagua kifungashio anachagua pia namna ya kupanga kazi, na atakayetegemewa: kijiji chenyewe au ghala la vipuri lililo ng'ambo.

Tusipambe chokaa kupita kiasi. Chokaa ya tanuu la kienyeji hutofautiana ubora kutoka mchomo hadi mchomo, na isipopimwa ni bahati nasibu. Tanuu hula kuni. Na mahali kama Mikindani na Mafia matumbawe yalivunjwa baharini ili kuchomwa chokaa, wavuvi wakapoteza mazalia ya samaki. Hakuna barabara inayostahili gharama hiyo. Mawe ya chokaa ya nchi kavu yapo, Tanga na Songwe kwa mfano. Saruji nayo tuliipata nyumbani tangu kiwanda cha Wazo Hill kilipoanza mwaka 1966, kikafuatwa na vya Tanga na Mbeya katika miaka ya 1980, ingawa wanaokumbuka mgao wa saruji wa miaka hiyo wanajua kwamba kiwanda na mfuko mkononi ni vitu viwili. Majivu ya volkano ya Rungwe, na hata majivu ya pumba za mpunga yakichomwa ipasavyo, yana silika ambayo chokaa huitafuta. Mbeya ina mpunga, volkano na mawe ya chokaa katika mkoa mmoja au kwa jirani yake wa Songwe. Tungependa kuona vyuo vyetu vikishughulika na jambo hilo kuliko kukariri mifano ya Texas.

Kipimo kiko wapi leo

Mwaka 1999 Wizara ya Ujenzi, kupitia Maabara Kuu ya Vifaa na kwa ushirikiano wa Norway, ilitoa mwongozo wa Tanzania wenyewe wa kusanifu matabaka ya barabara. Tunaiona hiyo kuwa hatua kubwa kuliko kilometa nyingi za lami, ijapokuwa haikukatiwa utepe. Humo udongo wa asili umepangwa kwa madaraja kufuatana na kipimo cha CBR, 15, 7 au 3, na matabaka yaliyoimarishwa yamepangwa kwa nguvu ya mgandamizo: C2, C1, na CM iliyo dhaifu kuliko zote. Mwaka uliotangulia Mfuko wa Barabara ulianzishwa ili fedha za matengenezo zisitegemee huruma ya bajeti, na mwaka 2000 ikaja TANROADS. Barabara za vijijini na mijini zilipata chombo chake, TARURA, mwaka 2017. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima, na mizani ipo njiani. Mizani isiyokula rushwa inaongeza umri wa barabara kuliko sentimita tano za changarawe.

Lakini mwongozo haushuki wenyewe mpaka kwenye tuta. Kada wa wilaya au diwani anayepelekwa kukagua kazi mara nyingi hupewa kofia ya plastiki, huonyeshwa mitambo, na kurudi ofisini bila kuuliza lolote. Ipo hatari moja ambayo anaweza kuikagua kwa macho yake. Tabaka lililotiwa chokaa au saruji likiachwa wazi likauke, hewa ya kaboni iliyomo angani huungana na chokaa na kuirudisha kuwa jiwe la chokaa, kama lilivyokuwa kabla ya tanuu. Chokaa hiyo haifungi tena udongo. Uso wa tabaka unakuwa unga, na lami ikiwekwa juu yake inabanduka kama ngozi ya kidonda. Watafiti wa Afrika Kusini walilieleza tatizo hilo kwa kina katika miaka ya 1980. Dawa yake ni kulitunza tabaka likiwa na unyevu kwa siku saba, au kulifunika mapema, na kutoruhusu magari juu yake.

Kukagua kwenyewe kunataka sururu na chupa ndogo mbili, ambazo maabara ya mkoa au hata ya shule ya sekondari inaweza kuzitoa. Chimba shimo dogo mpaka chini ya tabaka, upate ukuta mpya usioguswa. Nyunyiza fenolfthalini kutoka juu hadi chini. Palipo na chokaa hai patageuka wekundu wa zambarau papo hapo. Pasipogeuka, nyunyiza matone ya asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa: pakitoa povu, chokaa ilitiwa lakini imekufa kwa kuachwa wazi, au udongo wenyewe ulikuwa na mawe ya chokaa tangu asili, jambo ambalo kipimo cha awali kitaonyesha. Pasipotoa povu wala rangi, hapakutiwa kitu, na mkaguzi ana haki ya kuomba hati za kupokea ile mifuko 1,500.